Wimbi Zima Chini ya Mwamba Mweusi

Nianze na majivuno kabisa, maana nimezeeka na sina muda wa kuzunguka. Kile kisima kirefu kilichoko upande wa malisho, nyuma ya kijiji cha Mogitu, ni changu. Sikukichimba kwa mikono yangu, na jina langu halijaandikwa popote kwenye saruji yake. Lakini ni mimi niliyesema kichimbwe pale, wakati watu wazima wenye vyeti vyao walikuwa wanasema chini ya pale hakuna kitu ila jiwe. Na sikubahatisha. Nilisema kwa hesabu, hesabu ndefu ya mawimbi iliyomaliza betri zote za maduka ya Katesh.

Ilikuwa miaka ya mashamba ya ngano ya serikali. Ukipanda kidogo Mlima Hanang na kutazama tambarare baada ya mvua, uliona ngano tu, kijani kwanza, kisha njano, mpaka macho yanachoka. Wakati wa mavuno kombaini zilikwenda kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, na vumbi lake lilionekana kutoka mbali. Sisi vijana tuliosoma tulipenda kuliona lile vumbi. Tuliona nchi inakwenda. Wabarabaig, ambao tambarare zile zilikuwa malisho yao tangu enzi za babu zao, waliliona kwa macho mengine kabisa.

Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, binti wa wakulima wa mahindi na maharage, watu wa kanisani kila Jumapili. Nilisoma fizikia chuo kikuu, nikatoka na alama ambazo hadi leo nikiombwa nazitaja bila kuona haya, nikaajiriwa idara ya maji kwenye kitengo cha kutafuta maji chini ya ardhi. Nyumbani walitegemea nitakuwa mwalimu au muuguzi. Waliposikia kwamba kazi yangu ni kugonga ardhi kwa nyundo na kusikiliza, baadhi ya majirani walikuja kuwapa wazazi wangu pole.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mjiolojia mmoja mrefu, mtu wa kanda ya ziwa, aliyekaribia kustaafu. Aliniita Ndugu Mtaalamu kila alipotaka kunitania, na mwanangu kila alipokuwa na wasiwasi. Alijua mawe vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Wa tatu wetu alikuwa dereva, Mwiraqw mwenzangu mwenye kifua kipana, ambaye tukifika porini aliacha usukani na kushika nyundo.

Mwaka huo tulipewa mtambo wa kuchimba, nao ulikuwa wa kisima kimoja tu upande ule. Baada ya hapo ulikuwa na zamu yake Haydom. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: kichimbwe wapi? Kulikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa pembeni mwa ngano, ndani ya mpaka wa shamba, kwenye udongo mlaini na mwamba uliooza, ambako mkuu wangu alikuwa na hakika ya maji. Ya pili ilikuwa upande wa malisho, juu ya lava ngumu iliyomwagika kutoka Mlima Hanang zamani sana, mwamba mweusi ambao hata jembe la trekta lilikuwa limeshindana nao likaacha. Ndiyo sababu wafugaji walikuwa wameachiwa sehemu hiyo.

Siku ya kwanza tu tulipofika kwenye mwamba ule alitujia mama mmoja wa Kibarabaig, mtu mzima, mwenye sketi ya ngozi na bangili za shaba zilizopanda mpaka karibu na kiwiko. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, nao walinyamaza yeye alipoanza kusema.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetafuta maji?"

"Ndiyo, mama. Mimi na mzee huyu."

Alimtazama mkuu wangu, akanirudia mimi. "Kisima kikikaa kwenye ngano, hicho ni cha ngano. Ng'ombe wetu akikanyaga ngano anashikwa. Sisi tutakiona kwa macho tu. Sasa hivi tunazunguka ngano yote kufuata maji, tunaondoka jua halijatoka. Kikikosekana hapa, tunahama. Wanaume wameshasema."

Mkuu wangu alimjibu kwa heshima kwamba tutafanya vipimo, na kwamba kipimo ndicho kitakachosema. Mama yule alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kuketi na wenzake kwenye nyasi kututazama. Tangu dakika ile mimi sikutaka kisima kingine chochote duniani isipokuwa cha pale.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unatandaza waya mrefu ardhini, na kwenye waya huo unachomeka jiofoni, vikopo vidogo vyenye mwiba chini, ambavyo husikia ardhi ikitikisika hata kwa kiasi ambacho mguu wa mtu hausikii. Mwisho wa waya unaweka bamba la chuma na kulipiga kwa nyundo. Mtikisiko unasafiri chini ya ardhi, unazifikia jiofoni moja baada ya nyingine, na mashine iliyo nyuma ya gari inachora mstari wa kila jiofoni kwenye karatasi. Mstari unakwenda sawa, ghafla unaruka, halafu unayumbayumba mpaka unatulia. Ule mruko wa kwanza ndio tuliofundishwa kuusoma. Unapima umechukua muda gani kufika, unapiga hesabu fupi, unajua mwamba uko kina gani. Kule kuyumbayumba kunakofuata tulifundishwa kuachana nako.

Dereva wetu alipiga nyundo vizuri, ila alikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Mtu mzima akipita, hata awe mbali upande wa pili wa waya, aliweka nyundo chini na kwenda kumwamkia. Nyundo ilikuwa na kiwashio cha mashine, kwa hiyo kila alipoiweka chini tulipata mchoro mmoja wa bure. Nilimwambia aamkie kwa sauti tu kutoka pale alipo. Aliniuliza kama mimi nililelewa na wazazi au niliokotwa. Nilirudi kwenye mashine yangu, maana upande wa Mbulu swali hilo halina jibu.

Tulipomaliza, mkuu wangu alikaa kwenye ngazi ya gari na rula yake, akasoma miruko ya kwanza. Haikumchukua muda. Mwamba mgumu ulianza karibu juu kabisa, na mwendo wa wimbi humo ulikuwa mkubwa, mwendo wa jiwe zima lisilo na nyufa.

"Jiwe tupu," alisema. "Pole, Ndugu Mtaalamu. Tutachimba kwenye ngano."

Sikukubali, na nilikuwa na sababu. Mwamba mgumu uliolalia kitu laini humdanganya anayesoma mruko wa kwanza peke yake. Wimbi linalopita kwenye mwamba linakimbia, linafika mbele ya yote. Lile linaloingia kwenye kitu laini chini yake linapinda kwenda chini zaidi, halirudi juu mapema kuleta habari. Karatasi inasema jiwe, nawe unaandika jiwe, hata kama chini ya hilo jiwe kuna tabaka la majivu ya volkano na changarawe lililojaa maji. Ni kama ukae mlangoni kwenye sherehe, umwone mgeni wa kwanza akiingia, halafu uende kwenu kusimulia sherehe nzima ilivyokuwa.

Chuoni tulifundishwa nadharia ya wimbi zima. Wenzangu wengi waliisoma wafaulu mtihani wakaisahau. Mimi niliipenda, na nikisema niliipenda namaanisha hivyo hivyo, niliiwaza hata nikifua nguo. Nadharia hiyo haiangalii mruko wa kwanza tu. Inaichukua ardhi tabaka kwa tabaka, kila moja na ugumu wake na uzito wake, na kuuliza: wimbi likiingia humu, kiasi gani kinapita, kiasi gani kinarudishwa, kiasi gani kinabaki kikizunguka humo humo? Kwenye kila mpaka pande mbili lazima zitikisike pamoja, maana ardhi haijaachana. Ukiridhisha mipaka yote, unapata mwendo mzima wa wimbi, tangu mruko wake hadi mkia wake. Unaulinganisha na ule uliochorwa na mashine. Visipofanana, ardhi uliyoiwaza siyo hiyo, unaanza upya.

Shida ni kwamba mkia wa nyundo ulikuwa mfupi. Nyundo hutoa mawimbi mafupi mafupi, na mawimbi mafupi yanaishia juu juu. Ili kufika chini ya lava nilihitaji mawimbi mapana, ya polepole. Hayo hutolewa na baruti, na kibali cha baruti tulikuwa tumeomba tangu zamani na hakuna aliyejua kilipolala.

Kesho yake tulirudia vipimo, kwa sababu niliomba, na mkuu wangu alinikubalia kwa kunihurumia. Bahati mbaya, au ndivyo tulivyodhani, karibu na pale kulikuwa na harusi. Vijana wa Kibarabaig walikuwa wanacheza. Wanacheza kwa kuruka. Wasichana wanasimama upande mmoja, wavulana upande mwingine, wimbo unaanza, na wanaruka juu wakiwa wima kabisa, wanatua wote kwa pamoja, wanaruka tena. Kila dereva alipopiga nyundo, mchoro ulitoka umeharibika. Mistari yote ilikuwa inapanda na kushuka taratibu kwa mawimbi makubwa, na mruko wa nyundo ukawa umezama humo hauonekani.

"Tufunge," mkuu wangu alisema. "Hii ni ngoma tupu."

Nilikuwa naviringisha karatasi niitupe. Halafu mkono wangu ukasimama. Niliikunjua juu ya boneti ya gari na kuisoma upya, safari hii nikiiacha nyundo na kuifuata ngoma. Mawimbi yale mapana yalikuwa yamepita kwenye jiofoni zote, kutoka upande wa harusi hadi mwisho wa waya. Kwenye ardhi ya kawaida, kadiri wimbi linavyokuwa pana ndivyo linavyokwenda haraka, kwa sababu linafika chini zaidi, na chini huwa kugumu zaidi. Hapa yale mapana yalikuwa yanachelewa nyuma ya yale mafupi. Chini ya ule mwamba mgumu kulikuwa na kitu cha kuyapunguza mwendo, kitu laini. Nilipiga kelele mpaka dereva akadhani nimeumwa na nyoka.

Lakini karatasi ile isingetosha. Nyundo na ngoma vilikuwa vimechanganyikana, na warukaji wenyewe walikuwa mbali na hawakuwa kwenye mstari wa waya. Nilihitaji waruke tena mahali ninapotaka mimi, kukiwa na ukimya, mara nyingi, ili mashine ijumlishe michoro na kelele zifutike. Na harusi ilikuwa inaisha siku hiyo.

Niliwaendea vijana wenyewe. Niliwaeleza kwa Kiswahili changu chepesi kadiri nilivyoweza. Mmoja wao, mrefu, amejipaka samli mpaka anang'aa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani ameoa?" aliniuliza.

"Hakuna. Ni kazi ya maji."

"Sasa tunaruka kwa sababu gani?"

"Ili ardhi itikisike."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kuruka bila bibi harusi, juu ya jiwe, mbele ya gari la serikali, kwao lilikuwa jambo la aibu, kama ningewaomba wavue nguo. Nilirudi kwenye gari nikiwa mdogo kuliko nilivyokwenda. Mkuu wangu hakunitania, na hilo lilinikera zaidi.

Kesho yake alfajiri nilimpelekea yule mama ombi langu. Sikumwambia habari za matabaka wala ugumu. Nilimwambia kwamba jiwe lile nadhani lina kitu chini yake, kwamba nyundo yetu ni nyepesi, na kwamba miguu ya watoto wao ikitua pamoja ni mizito ya kutosha kufika huko chini na kuniletea jibu. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe unaamini?"

"Naamini, mama."

"Kaa hapo."

Kwa Wabarabaig wanawake wana baraza lao. Wanakaa mahali pa wazi, mwanamume hasogei, na wakiamua jambo limeamuliwa, hata mwanamume mwenye ng'ombe wengi anaweza kutozwa faini kwa kosa alilomtendea mwanamke. Nilikuwa nimesikia habari za baraza hilo tangu utotoni lakini sijaliona. Siku ile nililiona kutoka kwenye kivuli cha gari. Walikaa asubuhi nzima. Mmoja alisimama akasema, akaketi, mwingine akasimama. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wasomi tangu hapo, na nidhamu ile sijaikuta tena.

Mama alikuja jua likiwa kichwani. "Wataruka kesho," alisema.

"Wamekubali?"

"Wanaume wanasema ni wazimu. Wanaume hawabebi maji. Sisi tumesema wataruka."

Na kweli kesho yake walikuja, wengine wametoka hadi Hirbadaw, wavulana na wasichana, wamevaa kama wanakwenda harusini kwa sababu hawakujua kuruka kwa namna nyingine. Mwanzoni walikuwa wanaona haya na walitua ovyo, huyu sasa, yule baadaye, na mchoro ulitoka kama mahindi yaliyomwagika. Yule mama alipoona hivyo akaingia katikati yao na kuanzisha wimbo mwenyewe. Wimbo ulipowakolea, miguu ikawa mguu mmoja. Nilikuwa nimeweka jiofoni moja karibu nao ya kuniambia wametua lini, na zingine kwenye mstari mrefu kuelekea mlimani. Walikuwa wakitua, unasikia *du!* kifuani, halafu nyasi zinatulia, halafu kalamu za mashine zinaanza kupanda na kushuka taratibu, moja baada ya nyingine, wimbi lile lile pana likitembea chini ya miguu yetu.

Tulihamisha waya, wakaruka tena. Tukahamisha tena. Mkuu wangu alikuwa amevua kofia, sijui kwa joto au kwa nini. Dereva, ambaye siku hiyo hakuwa na nyundo ya kuweka chini, alizunguka akiwaamkia wazee wote kwa raha zake.

Baada ya hapo ilikuja sehemu isiyo na ngoma. Shamba la ngano lilinipa meza kwenye karakana yao, kati ya matairi ya kombaini na magunia ya mbegu, na nilikaa pale na kalkuleta ya kuandikiwa amri, ile unayoipa hatua za hesabu ndefu ikazipiga yenyewe, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa mishahara yangu ya mwanzo badala ya kununua kitanda. Niliwazia lava ya unene fulani, chini yake majivu ya unene fulani, chini yake mwamba tena. Kalkuleta iliwaza, ikila betri. Ilikuwa ikichukua muda mrefu kwa kila upana wa wimbi, na mafundi walikuwa wananipita wakiniuliza kama imelala. Ikitoa jibu, naliweka juu ya karatasi ya ngoma. Haifanani. Napunguza lava. Haifanani. Naongeza majivu. Inakaribia. Kuna jibu moja lilikuja karibu sana nikataka kulikubali, lakini mkia wake ulikuwa unamalizikia mapema, nikalitupa. Sikuwa tayari kuwaambia wanawake wale jambo ambalo mkia wa wimbi unalikataa.

Mwishowe vilifanana. Siyo mruko wa kwanza tu, bali kila kupanda na kila kushuka, mpaka pale wimbi linapokufa. Lava, kisha tabaka nene la kitu laini na kizito, kisha mwamba. Nilikaa nikavitazama vile vitu viwili, karatasi iliyochorwa na miguu ya vijana wa Kibarabaig na karatasi iliyochorwa na mkono wangu, na machozi yalinitoka mbele ya mafundi wa trekta. Wakati ule niliona haya. Sasa sioni.

Nilimpelekea mkuu wangu. Aliisoma kazi yote, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mtu wa haki.

"Hesabu nzuri," alisema. "Nzuri sana. Lakini laini siyo maji, mwanangu. Inaweza kuwa majivu makavu, tukamaliza meno ya mtambo bure."

Alikuwa ameniita mwanangu, kwa hiyo nilijua ana wasiwasi kweli. "Mzee, mvua ya mlima upande huu inakwenda wapi?" nilimuuliza. "Hakuna mto. Hakuna hata korongo linalobaki na maji baada ya masika. Mlima unakunywa na hautoi. Na tabaka hili ni zito, ona hapa, majivu makavu yangekuwa mepesi."

Aligeuka kuutazama mlima. Ulikuwa umevaa mawingu yake kama kawaida.

"Tukikosa?"

"Tukikosa narudi Mbulu kulima maharage."

"Tukikosa," alisema, "nitakuja kulima na wewe, maana hata mimi watanifukuza. Weka alama."

Mtambo ulipandishwa juu ya mwamba mweusi. Wachimbaji hawakufurahi. Lava ile ililia chini ya chuma, ikatoa unga mweusi mkavu tu, siku nzima, na siku ya pili. Wanawake walikuwa wameketi upande mmoja. Upande mwingine walikuwa wanaume wao, na ilinichukua muda kugundua kwamba walikuwa wamekwisha kukunja baadhi ya vitu vyao. Ng'ombe walikuwa wamekusanywa tayari kwa safari.

Tulifika kwenye kina nilichokuwa nimekiandika. Ukatoka unga mweusi mkavu. Tukaendelea kidogo. Unga mweusi. Mkuu wa wachimbaji alimwambia mkuu wangu kwamba meno yanaisha na Haydom wanasubiri. Mkuu wangu alinigeukia. Kila nililoweza kumwambia nilikuwa nimekwisha kulisema kwenye zile karatasi. Akili yangu haikuyumba, na hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote. Wimbi lilikuwa limefanana lote.

"Haijaisha," nilisema. "Lava ni nene kidogo kuliko nilivyopata. Chini yake kuna kitu."

"Endeleeni," mkuu wangu aliwaambia.

Walipoingiza bomba jingine, mlio ulibadilika. Mtambo uliokuwa unapiga mayowe ukanguruma, bomba likashuka lenyewe karibu urefu wa mtu, na mchimbaji aliyekuwa ameshika usukani wake akaruka nyuma akitukana. Likatoka tope la kijivu, jingi, zito. Halafu changarawe. Halafu changarawe yenye maji. Tuliposimamisha mtambo na kushusha kamba, maji yalikuwa yamepanda ndani ya tundu, yamepita lava, yanaendelea kupanda yenyewe.

Sitasimulia jinsi watu walivyoshangilia, maana mimi sikuona vizuri, macho yangu yalikuwa hayafai. Namkumbuka mkuu wangu akinishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto. Namkumbuka yule mama akionja maji kwenye kibuyu, akiyazungusha mdomoni, akiyameza. Tuliyapeleka maabara, kwa sababu upande ule maji mengi yana madini yanayoharibu meno ya watoto, na wiki kadhaa tulikaa roho juu. Majibu yalirudi mazuri. Wale ng'ombe waliokuwa wamekusanywa walikuwa wamekwisha kurudishwa malishoni siku nyingi.

Siku tuliyokwenda kufunga pampu, niliitwa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye baraza lao, pale pale mahali pa wazi, na yule mama alikuwa katikati. Nilidhani wananiita kunishukuru, nikawa nimeandaa maneno ya unyenyekevu. Nilikuta nyuso kavu.

"Uliwarusha watoto wetu bila harusi," mama alisema. "Ngoma bila bibi harusi, bila asali. Hilo ni kosa. Baraza limekaa. Unatozwa faini. Asali, chombo kizima, tutengenezee pombe ya wazee."

Niliona ni uonevu, na nadhani uso wangu ulisema hivyo. Nilikuwa nimewapa maji, nao wananipa kesi. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima sana, kama ndivyo wanavyowafanyia wageni.

Wanawake walitazamana. Kisha wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine, bangili zao zikilia, na yule mama akanishika mkono na kunivuta chini niketi kati yake na mwenzake, mahali ambapo mtu wa kwetu hakuwahi kuketi.

"Mgeni hatumtozi," alisema. "Mgeni tunamwambia aende zake."